Hesabu ya Ijumaa Kwenye Njia Panda

Kila asubuhi baba aliniachia chai kwenye chupa na kipande cha muhogo, akaenda gereji kabla sijaamka. Mama alikuwa Dumila akimuuguza bibi. Nilikunywa chai peke yangu, nikafunga mlango, nikaenda shule bila mtu wa kuongea naye. Nilikuwa na miezi miwili Morogoro, na darasani bado waliniita "mgeni". Jina langu ni Hafidha, wala si gumu.

Wiki ile Mwalimu Twalibu wa hisabati alitupa kazi. Karibu na shule yetu kuna njia panda isiyo na taa wala askari. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa amegongwa pale na bodaboda, akavunjika mguu. Mhandisi wa barabara, Mama Felista, alitaka kujua magari yanasubiri muda gani, ili aamue kama pajengwe kipilefti, ule mzunguko wa katikati ya barabara.

"Kila sekunde kumi na tano, hesabuni vyombo vya usafiri vilivyosimama," Mwalimu alituelekeza. "Mwishoni jumlisheni, zidisheni kwa kumi na tano, kisha gawanyeni kwa vyombo vyote vilivyopita. Hapo mtajua kila kimoja kimesubiri kiasi gani."

Wenzangu walijigawa wawili wawili. Nani angemchagua mgeni? Nilibaki peke yangu, nikapewa zamu ya saa saba na nusu mchana, Alhamisi na Ijumaa.

Alhamisi nilikaa juu ya tofali robo saa nzima, macho kwenye saa, macho barabarani. Nilipata wastani wa sekunde kumi na nane. Niliona fahari, ila sikuwa na wa kumwambia.

Ijumaa nilikuwa natoka getini na karatasi yangu nilipoitwa.

"Hafidha! Njoo tucheze rede, tumepungukiwa mtu," alisema Pili wa darasani kwetu.

Jamani, aliniita kwa jina langu. Nilikunja karatasi, nikacheza, nikikwepa mpira mpaka kengele ikalia. Kisha nikanakili namba zote za Alhamisi kwenye safu ya Ijumaa. Nilijiambia magari ni yaleyale, barabara ni ileile.

Jumatatu Mama Felista alikuja darasani. Mwalimu alisoma karatasi zetu, akafika kwenye yangu, akaniuliza:

"Ijumaa saa saba na nusu, sekunde kumi na nane? Muda huo nilikuwa natoka msikitini. Foleni ilinichosha, nikashuka kwenye bodaboda nikatembea. Hafidha, ulikuwepo?"

Mtoto wa Kiislamu mzima, nikasahau watu wanatoka swala ya Ijumaa! Ningeweza kusema foleni iliisha kabla sijafika. Pili alinikazia macho. Nilijua nikisema kweli, kazi ya darasa zima itakwama, nami nitarudi kuwa mgeni. Lakini Mama Felista alikuwa tayari ameshika kalamu, na sekunde kumi na nane zingemwambia kwamba pale hapana shida.

"Sikuwepo, Mwalimu," nilisema. "Nilikuwa nacheza. Nilinakili za Alhamisi."

Darasa liliguna. "Mgeni ametuharibia," mtu alinong'ona nyuma. Nilitamani mama awe karibu.

Mama Felista aliweka kalamu chini. "Nitasubiri Ijumaa nyingine. Hesabu upya."

Wiki nzima hakuna aliyenisemesha. Ijumaa wenzangu walicheza rede, nikasikia vicheko vyao mpaka barabarani. Nilihesabu. Watu walitoka msikitini, pikipiki, bajaji na magari vikabanana. Jumla ilikuwa mia tatu na ishirini. Nikazidisha kwa kumi na tano, nikagawanya kwa vyombo themanini. Sekunde sitini, dakika kamili kwa kila kimoja.

Mama Felista alikuja mwenyewe palepale njia panda kuchukua karatasi. Aliipitia mstari kwa mstari.

"Kwa hesabu hii kipilefti kitajengwa," alisema. Kisha akaniangalia. "Unalia nini?"

"Wenzangu hawanitaki tena, Mama Felista."

Alikaa kando yangu. "Mwanangu, upweke unauma, sikufichi. Lakini ungenyamaza, mtoto mwingine angegongwa hapa, na wewe ungekuwa unajua kwa nini. Rafiki wa kumpata kwa uongo, kila siku utamlipia uongo mwingine. Sema kweli, hata ukibaki peke yako."

Alikunja karatasi akaondoka. Nilifuta machozi, nikasubiri nafasi kati ya magari, nikavuka.