Sebahire na Vidonge vya Kuzuia Kolera

Wamama wa Mabanga, nawaandikia ninyi. Asubuhi ile kwetu kulikuwa kutulivu. Mutoto wangu mukubwa, Sebahire, alikuwa ananyoa ndevu, muke wake Mukabalisa anachambua maharagi, maji ya kunywa yanachemka. Mara jirani yetu akapitishwa katika kipoyi, amebebwa na watu mabegani. Kolera.

Muganga Ndagijimana alikuja. Kwa kuwa tulikula na yule jirani sahani moja, akatupatia sisi watatu vidonge vya tetra, vya kuzuia kolera, vya siku tatu, akasema tuvimalize na tuendelee kuchemsha maji. Hakuna aliyeugua.

Hapo ndipo mutoto wangu alipopotea. Akanunua vingine sokoni, akawa anagawa kimoja kila asubuhi, mwezi muzima, halafu wa pili. Mimi nilikataa. Nilimuuliza ni muganga gani amesema hivyo. Akacheka.

“Mama, makala ya kuchemshia maji ni ya nini? Kidonge kinachemsha maji ndani ya tumbo.”

Mukabalisa akamusikia bwana wake. Wakanywa maji ya ziwa vile yalivyochotwa Kyeshero na kuletwa katika bidon, bila kuchemshwa. Mimi nilichemsha yangu peke yangu. Wakaniita Mama Majivu. Sikulala vizuri hata siku moja.

Jumapili, kabla ya misa, Mukabalisa alianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Nikasema twende dispansere. Sebahire akasema ngoja kwanza, akamupa vidonge viwili, Mukabalisa akavitapika, akamupa vingine. Saa zikapita. Mukabalisa akanishika, vidole vimekunjamana.

“Mama, unipeleke wewe. Yeye bado anahesabu vidonge.”

Kule dispansere, Ndagijimana alitafuta mushipa wa kumutilia maji mukononi, akatafuta muguuni. Sebahire akamuonyesha kopo la vidonge.

“Labda mududu wa kolera amekwisha kuizoea dawa hii,” muganga akasema. “Lakini tangu asubuhi, alichohitaji kwanza ni maji mwilini.”

Saa kumi haikufika, Mukabalisa akafa.

FUNZO

Dawa ya kuzuia ugonjwa ina watu wake na siku zake, na muganga ndiye anayezijua. Siku zikiisha, acheni. Haichukui nafasi ya maji yaliyochemshwa wala ya sabuni. Mutu akiharisha, mupelekeni mara moja, na njiani mumunyweshe maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo na sukari.

Nami nina langu. Nilijua anakosea. Nilisema mara moja, halafu nikachemsha yangu, nikanyamaza. Wamama, musinyamaze kwa sababu mutoto amekuwa mutu mukubwa.