Kenge Aliyesingiziwa

Kila asubuhi, mwanachama mmoja wa klabu ya sayansi alikwenda bwawani nyuma ya bweni, akamtazama kenge, kisha akaandika alichokiona. Ilikuwa heshima kubwa, kama kumlinda mfalme, ila mfalme huyu alikuwa na magamba na ulimi wa panda.

Zamu ilipomfikia msichana aliyeitwa Profesa, nje kulikuwa na baridi na blanketi lilikuwa na joto. Akaandika akiwa kitandani: "Saa kumi na mbili na robo. Kenge ametoka mbio kwenye banda la kuku." Akaona haijanoga, akaongeza: "Anajilamba."

Kumbe mpishi alikuwa akipoteza mayai siku ya tatu sasa. Ripoti iliposomwa mstarini, hakuuliza la pili. Alimwita mtunza bustani aje na panga. Wanafunzi walimpigia Profesa makofi. Aliinama kama mtu anayevishwa nishani.

Wote wakaelekea bwawani. Kenge alikuwa juu ya jiwe, akiota jua, akitoa ulimi kunusa hewa. Mtunza bustani akainua panga.

"Babu, usimuue," Profesa alisema. "Sikumwona. Nilikuwa kitandani."

Panga likashuka taratibu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Na mayai yangu?" mpishi aliuliza.

"Sijui, Mama. Nilitunga."

Mwalimu wa sayansi alijifuta uso. Alikiri kwamba hata yeye alistahili aibu, maana kenge hutegemea joto la jua. Kwenye baridi ile mwili wake huwa mzito, hawezi kutoka mbio. Alipaswa kuishtukia ripoti ile.

Profesa alipewa wiki nzima ya kulinda banda. Siku ya pili alimwona mwizi: kuku jike mwekundu, kipenzi cha mpishi, akidonoa yai lake mwenyewe na kulila. Aliandika hivyo hivyo, bila chumvi. Mpishi alisoma mara mbili, akaenda kumtenga kuku wake.

Profesa alipomkabidhi mwalimu daftari, hakuweza kumtazama usoni.

"Kenge hula mayai akiyapata, ndiyo maana tulikuamini upesi," mwalimu alisema. "Uongo unaofanana na ukweli ndio unaoua. Andika ulichokiona. Kama hukuona, andika kwamba ulilala. Utaaibika siku moja tu, na hakuna atakayekufa."