Michirizi ya Mnywaasali

Kila asubuhi kabla ya shule, Talita alifagia majani ya mkungu uani kwa bibi yake, kisiwani Badu. Binamu yake Naseli, aliyehamia kwao mwaka ule, alifagia upande wa pili. Lakini ndege mnywaasali akilia tu kwenye maua ya mnazi, Naseli hutupa ufagio na kuchukua daftari lake la kuchorea, na bibi hamgombezi. Jambo hilo lilimkaa Talita kooni kama mwiba wa samaki.

Shangazi Etti, mlinzi wa mikoko, alikuwa na nafasi moja botini ya kwenda kuhesabu ndege kisiwani Moa. Angempa mwanafunzi atakayemchora mnywaasali bila kukosea. Talita hakuchora kitu. Wiki nzima alimchungulia Naseli begani, na siku ya mwisho, wenzake wakicheza nje, aliingia darasani na kifutio.

Mchana shangazi alikagua mchoro wa Naseli. Utepe mweusi jichoni upo, alisema, mstari wa manjano chini yake upo, na kishungi cheupe ubavuni mwa shingo. "Ila kifua kitupu. Mnywaasali wetu ana michirizi ya kahawia kifuani. Huyu ni nani, mwanangu?"

Naseli aliapa kwamba aliichora. Mwanafunzi mmoja akauliza kama ndege wake ameogeshwa kwa sabuni, darasa zima likacheka. Machozi yakamdondoka Naseli. Talita alikuwa ameyangoja machozi hayo miezi mingi. Yalipokuja, hayakuwa na utamu wowote.

Shangazi aliinua daftari dirishani, akaona alama hafifu. "Aliyefuta anamjua sana ndege huyu," alisema. "Ameacha yote, akaondoa michirizi tu."

Talita akasimama. "Ni mimi, shangazi. Naseli, nisamehe."

Aliambiwa airudishe michirizi. Akaichora kwa kumbukumbu, mmoja mmoja, kila mmoja mahali pake.

"Kumbe unaweza, wewe," Naseli akasema, akifuta pua.

"Macho anayo," shangazi akajibu. "Ila, Talita, wiki nzima umeyatumia kumtazama mwenzako badala ya ndege. Wivu umekuibia kazi yako mwenyewe. Naseli atakwenda Moa. Wewe utabaki, na kesho uanze daftari lako."

Kesho yake mnywaasali alipolia mnazini, fagio mbili zililala chini. Bibi alimaliza kufagia peke yake, akinung'unika.