Waifai Isiyovuka Njia

Bi Ghania alikaa Tibirinzi, mjini Chake Chake, kwenye kichochoro chembamba. Kila siku baada ya sala ya Alasiri alifagia baraza, akajifunga kanga safi, kisha akaketi na kishikwambi chake mapajani. Alikuwa akisubiri simu ya dada yake Raniya, aliyeolewa Maskati miaka thelathini nyuma.

Raniya ndiye aliyemletea kishikwambi kile. Akamletea na ruta, kile kisanduku chenye taa kinachochukua intaneti na kuisambaza hewani ndani ya nyumba. Usambazaji huo ndio watu huuita waifai. Tangu hapo Bi Ghania akaitupa simu yake ndogo, na laini yake ikafungwa kwa kukaa bila kutumika. Hakujali. Dada yake alimwona uso kwa uso, wakacheka, wakasengenya, wakaulizana habari za shamba.

Jambo moja tu hawakuligusa. Mama yao alipofariki, Bi Ghania hakumpigia Raniya mpaka maiti ilipokwisha kuzikwa. Alisema alichanganyikiwa. Raniya akanyamaza, na ule unyamavu ukakaa baina yao miaka sita.

Sasa tuseme ukweli kuhusu Bi Ghania. Hakuwa mchoyo. Neno la siri la waifai alimpa jirani yake Bi Tatu, akampa Hija, kiongozi wa barza, kijiwe cha wafuasi wa chama chake cha siasa, na Hija akapiga picha karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, akawarushia wenzake wote. Lakini katika nyumba ya mbele, ng'ambo ya njia, alikaa Mwalimu Nyange, afundishaye kompyuta chuoni. Nyange alikuwa wa chama cha pili. Tangu uchaguzi, Bi Ghania hakumwamkia. Mama yake Nyange alipofariki, hakwenda kuzika wala kutoa pole.

"Waifai yangu haivuki njia," aliwaambia watu, na barza nzima ikacheka.

Siku moja ya Jumatano Raniya alipiga simu, uso umemkonda.

"Ghania, kesho napasuliwa moyo. Wananiingiza saa moja ya huku, kwenu saa kumi na mbili. Ntakupigia ukishasali Alfajiri. Nataka tuombane radhi, nikuone."

"Ntakungoja, dada. Hata kulala silali," alijibu Bi Ghania.

Alfajiri ya Alhamisi alisali haraka, akafungua kishikwambi. Kikamwandikia kuwa neno la siri si sahihi. Akaliandika tena, herufi moja moja. Si sahihi. Aliitazama ruta, taa zake zinawaka kama kawaida. Saa ilikuwa kumi na moja na nusu.

Akakimbia kwa Bi Tatu.

"Yangu pia imekataa tangu jana usiku," alisema Bi Tatu. "Hija ndo kalibadilisha neno la siri. Na Hija keshakwenda Mkoani kuwahi meli, simu kazima."

"Nipe simu yako nipige Maskati."

"Vocha sina, shoga. Mie ntatia vocha ya nini, na waifai yako ipo?"

Maduka hayajafunguliwa. Bi Ghania akarudi njiani, akasimama mbele ya mlango wa Nyange. Taa ya ndani ilikuwa inawaka. Alimsikia Nyange akisoma Kurani kwa sauti ya chini. Akainua mkono agonge.

Mkono ule haukufika mlangoni. Alikumbuka maneno yake barazani. Akakumbuka jeneza la mama yake Nyange lilivyopita pale pale, naye amefunga dirisha. Neno lenyewe lilikuwa dogo tu, hodi, na lilimshinda. Alisimama mpaka kukapambazuka. Saa kumi na mbili ikapita. Akarudi ndani akalia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua ni ya nani.

Adhuhuri akaja binamu yao kutoka Wete. Alya, binti yake Raniya, alikuwa amempigia yeye. Raniya hakuamka tena.

Siku ya tatu ya msiba, baada ya kisomo cha hitima, mwanamume alisimama mlangoni na kofia mkononi. Watu wakageuka kumtazama.

"Makiwa, Bi Ghania," alisema Mwalimu Nyange.

"Tunayo," alijibu, akainama kwa haya. "Mwalimu, ile ruta imenifungia. Alfajiri aliyofariki dada, nilisimama mlangoni kwako."

"Mbona hukunigongea?"

Bi Ghania akamwonesha kwa kidole ilipo ruta. Nyange naye hakumbana kwa maswali. Aliitoa ruta nyuma ya kabati la chuma, akaipindua na kumwonesha ile karatasi.

"Hapa mna maneno ya siri mawili. Hili la kwanza la kuingilia waifai. Hili la pili la kuingilia ndani ya ruta yenyewe, kwenye mipangilio. Kiwanda ndicho kilichoyaandika, na hukuyabadilisha. Mwenye hili la pili ndiye mwenye ruta. Anaweza kukutoa kwako."

Hija, aliyerudi kwa ajili ya msiba, alikuwa pembeni. "Watu walizidi, mpira tunaotazama kwenye simu ukawa unakatika," alisema polepole. "N'kabadilisha ili tubaki wachache. N'kasema nikirudi ntamwambia."



Nyange akaomba pini. Akaitia kwenye kitundu cha nyuma ya ruta, akabonyeza na kuhesabu mpaka taa zote zikazima, kisha zikawaka upya. "Sasa imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Jaribu neno la kwanza."

Bi Ghania akaandika. Kishikwambi kikashika mtandao, na papo hapo kikaanza kulia. Simu nne zilizokosa kupokewa, zote za alfajiri ile. Chini yake, ujumbe wa sauti. Akaugusa.

"Ghania, nimekupigia mara nne. Wamekuja kunichukua. Kama huwezi kuniradhi, basi. Mie nimekuradhi."

Bi Tatu alijifunika uso kwa mtandio. Bi Ghania akaugusa tena ule ujumbe, akausikiliza mara ya pili. Dada yake alikufa akidhani amekataliwa, na ukweli huo hakuna pini ya kuubonyeza.

"Endelea, Mwalimu," alisema hatimaye. "Nifunze mpaka nijue mwenyewe."

Nyange akaketi mkekani kando yake. Akamwonesha namba za anwani ya ruta kwenye ile karatasi. Bi Ghania akaziandika mahali pa kutafutia tovuti, na ukurasa wa mipangilio ukafunguka.

"Kwanza badilisha neno la kuingilia humu ndani. Hili usimpe mtu yeyote, hata mimi."

Akalibadilisha, Nyange akigeuza uso ukutani.

"Sasa la waifai. Liwe refu, herufi na namba, zisipungue kumi na mbili. Si jina lako wala mwaka wako wa kuzaliwa. Na hapa kwenye usalama, chagua WPA2 au WPA3, ndizo kufuli za waifai. Usiache wazi."

"Na majirani?"

"Tazama hapa, pameandikwa mtandao wa wageni. Uwashe, uupe neno lake peke yake. Wageni watapata intaneti, wewe hutafungiwa. Wakizidi, unauzima wao tu. Na ruta iweke juu, mahali pa wazi. Kabati la chuma linazuia mawimbi. Maneno yako yaandike kwenye daftari, ulifungie."

Ilichukua nusu saa. Nusu saa ile ile aliyosimama mlangoni bila kugonga.

Sasa ruta iko juu ya rafu na mtandao haukatiki. Baada ya Alasiri Alya humpigia, na sura yake huonekana safi, macho ya mama yake kabisa. Kila siku kabla simu haijalia, Bi Ghania husikiliza kwanza ule ujumbe, kisha hujibu kwa sauti: "Nimekuradhi, dada. Nami uniradhi." Kishikwambi hakimjibu.

Jumamosi moja aliandika neno la siri la wageni kwenye karatasi. Akavuka njia, na barza nzima inamtazama. Akasimama mbele ya mlango wa Nyange, akainua mkono.

"Hodi," alisema Bi Ghania.

"Karibu."

"Nimekuletea hii, Mwalimu. Najua unayo yako. Lakini huenda siku moja ikakukatalia, na una mtu anakungoja."