Viti Vitupu vya Chama cha Baba

Kila alasiri baada ya shule, Rahele alipitia tanuri la mikate la mtaa wao mjini Yazd, nchini Iran, akapeleka mkate nyumbani, kisha akakimbilia uwanjani kucheza voliboli. Wiki hiyo aliongezewa kazi. Baba yake, Bwana Jamshid, alikuwa katibu wa chama kidogo cha siasa ambacho leseni yake ilikaribia kwisha. Ili ihuishwe, ilibidi nusu ya wanachama wahudhurie mkutano mkuu mbele ya mkaguzi wa tume ya vyama. Rahele alitumwa kuwaalika wazee wa mtaani waliokuwa wanachama.

“Usiondoke na jibu la kwanza,” baba alimwonya.

Rahele alielewa. Kwao, mtu akialikwa hujibu kwa adabu, “Kwa macho yangu yote,” hata kama hana nia ya kuja. Ukweli hupatikana akishaulizwa tena na tena. Lakini wenzake walikuwa wakimngoja uwanjani. Aliuliza mara moja kila mlango, akarudi kumwambia baba kwamba wote watakuja.

Siku ya mkutano, viti vingi vilibaki vitupu. Mkaguzi aliketi mbele akinywa chai. Nasim, rafiki yake Rahele, alimnong'oneza kwamba foleni ya mikate ilikuwa imejaa wanaume. Wangeweza kuitwa wakae kidogo tu, wahesabiwe kama wanachama. Rahele alitazama mlango, kisha akamwendea baba yake.

“Baba, kosa ni langu. Niliuliza mara moja tu, nikaenda kucheza.”

Bwana Jamshid alimgeukia mkaguzi na kumwambia kwamba akidi haikutimia. Katiba ya chama iliruhusu mkutano uitishwe mara ya pili, naye akaomba tarehe. Mkaguzi alikubali.

Safari hii Rahele hakwenda uwanjani. Alianza kwa Ami Bahador, muuza makomamanga.

“Kwa macho yangu yote, binti.”

“Macho nimeyasikia, Ami. Miguu je?”

Mzee alicheka. “Una ung'ang'anizi kama nzi wa dukani kwangu. Goti linaniuma. Nikipata gari nitakuja.”

Rahele alimwahidi gari la baba. Mzee mwingine alikiri, baada ya kuulizwa mara ya tatu, kwamba alishakihama chama ila aliona haya kusema. Rahele alimfikishia baba habari hiyo pia, ingawa haikuwa nzuri.

Katika mkutano wa pili, Ami Bahador aliingia akiegemea bega la Rahele. Mkaguzi alihesabu watu, akathibitisha kwamba akidi imetimia.

Jioni, wakikunja viti, baba alisema, “Sheria haikuuliza nani ameahidi, iliuliza nani yupo. Mara ya kwanza uliniletea jibu rahisi, ya pili ukaniletea la kweli. La kweli linataka jasho, mwanangu, lakini ndilo lililokiokoa chama chetu.”

Rahele alibeba viti vya mwisho. Kesho yake alirudi uwanjani.