Kompyuta Zashuka Mkekani

Losivale ndiye aliyemwona mgeni kwanza. Ilikuwa Alhamisi, mvua inamwagika. Mwanamke alikuwa barabarani, begi kichwani, viatu mkononi.

"Mama, kuna mtu analowa."

Mama yake, Folole, hakuuliza ni nani. Alipaza sauti kutoka nyumbani kwake, nyumba ya nguzo isiyo na kuta. "Wee dada! Njoo ule!"

Mgeni aliinama, akaingia, akaketi mkekani. Aliitwa Mereoni, mtu wa Fiji. Meli ya kwenda Upolu, kisiwa jirani hapo Samoa, ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya upepo, naye hakuwa na pa kulala.

"Sasa unapo," alisema Folole, akampakulia magimbi kwa tui la nazi.

Mereoni akatazama pembeni. Kulikuwa na meza ndefu. Juu yake vilikaa vitu vinne, vimefunikwa vitambaa vya maua, vimevishwa mashada ya makombe ya baharini. Akashusha sauti.

"Poleni sana. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki," alisema Losivale. "Hizo ni kompyuta."

Akamweleza. Ndugu zao wa Auckland, huko New Zealand, walituma kompyuta kuukuu kwa akina mama wanaofuma mikeka. Mfumo wake, yaani programu kubwa inayoendesha mashine yote, ulikuwa umezeeka. Losivale, aliyerudi juzi kutoka chuoni Apia, akaweka mfumo mwingine wa bure. Ulikuwa mzuri na mwepesi. Lakini kila kitu ambacho akina mama waliwahi kukiona kwenye kompyuta nyingine, hapa kilikuwa mahali pengine. Basi akawaandikia maelekezo, akayabandika nguzoni.

"Nimewasomea yote. Nikiuliza, 'Mmeelewa?' wanajibu, 'Ndiyo!' Wananipigia makofi. Juzi wamenipa na kuku. Lakini hakuna anayezigusa. Wanazifuta vumbi tu!" Akakuna kichwa. "Mnunuzi wa Auckland anataka picha za mikeka Jumamosi. Wakishindwa kuzituma, kamati ya kijiji itazipeleka kompyuta kijiji cha pili. Na mama ndiye aliyewabembeleza wazipokee."

Mereoni akacheka mpaka akapaliwa na gimbi. "Mwenzangu! Kazi yangu mimi ni kuandika maelekezo kwa wanaoanza. Hebu nione."

Akasoma nguzoni kwa sauti. "'Washa mashine kama kawaida, ingia, kisha andaa akaunti ya barua pepe. Ni rahisi tu.' Kawaida ya nani?"

"Ya kila mtu."

Mereoni akamgeukia Folole. "Mama, umeyaelewa haya?"

"Ndiyo. Mwanangu ameandika vizuri sana."

"Kitufe cha kuwashia kiko wapi?"

Folole akamtazama mwanawe kwa huruma. "Kula, dada. Magimbi yatapoa."

Losivale akahisi masikio yanawaka moto.

"Wanasema ndiyo kwa sababu wanakupenda," alisema Mereoni. "Hata kwetu ni hivyo hivyo. Nani atamwaibisha mwalimu mbele za watu? Usiwaulize kama wameelewa. Mwombe mmoja ajaribu, nawe utazame."

Ijumaa asubuhi wakamwita Bibi Tiresa, mkongwe wa wafumaji. Alifika na miwani yake, akaketi mkekani, mbali na meza.

"Karibu kitini, bibi," alisema Losivale.

"Hapa pananitosha."

"Lakini bibi, kompyuta iko mezani."

"Naiona. Haijambo."

Mereoni akatabasamu, akajifanya anatazama mvua. Mwishowe Bibi Tiresa akapumua kwa nguvu. "Mjukuu wangu, mama yako, mke wa chifu, amekaa chini. Mimi nipande kitini nimtazame utosini? Kwani nililelewa na nguruwe?"

Losivale akajishika mdomo. Miaka yote ya kukaa kwenye madawati ya chuo ilikuwa imemsahaulisha jambo ambalo mtoto mdogo wa kijiji analijua.

"Mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza kama tumeelewa. Tulielewa vizuri: unataka tukose adabu. Tukaona tukupe kuku, labda utaacha."

Kompyuta zikashushwa mkekani siku hiyo hiyo. Losivale akang'oa karatasi zake nguzoni, wakaanza upya.

"Kila mstari, tendo moja," alisema Mereoni. "Chini yake sema ataona nini. Kisha sema afanye nini akikosea, maana atakosea. Na hilo neno 'rahisi' likate. Mtu akishindwa na kitu ulichokiita rahisi, atajiona mjinga na hatarudi tena."

Losivale aliandika, Bibi Tiresa alijaribu. Kila mara bibi alipokwama, mkono wa Losivale uliruka kwenye kipanya, na Mereoni akauchapa kwa upepeo.

"Ukimfanyia, amejifunza nini? Andika alipokwama. Hapo karatasi ndiyo yenye kasoro, si bibi."

"Mkono wake kama kaa," alinung'unika Bibi Tiresa. "Sikiliza, we kaa. Kesho saa tisa nitatuma picha mwenyewe, kamati ikiona. Niahidi utakaa hapa mpaka nimalize. Hutagusa kitu, hutasema neno."

"Naahidi, bibi."

Alipokwisha kusema ndipo akakumbuka. Kesho saa tisa kulikuwa na mechi ya raga dhidi ya kijiji cha pili, na mpigaji wa penalti alikuwa yeye.

Jumamosi asubuhi upepo ulitulia, Mereoni akapanda meli. Saa tisa kamati yote ilikaa duara mkekani. Bibi Tiresa akasoma kila mstari kwa sauti, kama yuko kanisani.

"'Bonyeza duara la kijani mara moja. Itatokea orodha.' Imetokea!"

Makofi. Akaendelea. Ghafla picha zote zikatoweka. Losivale akafungua mdomo, akaufumba. Akaikalia mikono yake.

"'Picha zikipotea, usiogope,'" alisoma bibi. "'Bonyeza mshale unaotazama kushoto.' Haya, rudini!"

Zikarudi.

Kutoka barabarani mwenzake mmoja wa timu akapiga kelele. "Losi! Mechi imeanza! Umekuwa mfumaji siku hizi? Unakuja, huji?"

Losivale akamtazama kwa macho ya kuomba radhi.

"Bubu mkubwa wee!" Mwenzake akakimbia kwenda uwanjani.

Bibi Tiresa akabonyeza mara ya mwisho. Kwenye skrini yakatokea maneno: *Ujumbe umetumwa*. Akina mama wakalipuka kwa vigelegele. "Kompyuta haziendi popote!" alisema Folole, akifuta machozi kwa kitambaa cha maua. Wawili walikuwa tayari wanagombania zamu.

Losivale akanyanyuka taratibu. Kipindi cha pili angekiwahi.

"Unakwenda wapi?" Bibi Tiresa hakuinua kichwa. "Karatasi haijaisha. Kuna kuhifadhi, na kuna kuzima."

Huko uwanjani firimbi ililia. Penalti. Sauti ya kijiji kizima ikasikika ikiita jina lake.

Losivale akaketi tena, akakunja miguu. Bibi Tiresa akavua miwani, akaifuta polepole, kioo kimoja, kisha cha pili.