Sauti Iliyochelewa

Spika zilikuwa tano, lakini "tak" iliyosikika ilikuwa na mkia. Tak, halafu nyuma yake, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, tak nyingine hafifu. Wewe na mimi tusingeisikia. Sambamba aliisikia, na ikamkera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Sambamba lilikuwa jina la utani. Kazi yake ilikuwa kufunga spika kwenye kumbi na maduka, na jina hilo alilipata kwa sababu neno lenyewe lilikuwa halimtoki mdomoni: sauti ziende sambamba, watu waende sambamba, hata sahani zifike mezani sambamba. Kwake hapakuwa na dhambi duniani kama kuchelewa. Sasa alikuwa amefunga spika zisizo na waya nyumbani kwake mwenyewe, ili wateja waje wajisikilizie: moja sebuleni, moja jikoni, moja chumbani kwake na mkewe, moja chumbani kwa mtoto, na moja koridoni.

Spika za aina hiyo hazina uchawi wowote. Sauti inatoka kwenye simu na kupita hewani, lakini haifiki kote kwa pamoja. Spika iliyo karibu inaipata mapema, iliyo nyuma ya ukuta inachelewa. Fundi hawezi kuiharakisha ya nyuma. Anachoweza ni kuzifanya zilizowahi zisubiri kidogo, mpaka ya mwisho iwe tayari, kisha zote zifungue mdomo kwa pamoja. Ndiyo maana mchana ule alisimama koridoni, milango yote wazi, akipiga ile tak tena na tena huku kidole kikisogeza vipimo kwenye simu.

"Kobe!" aliita. "Niletee kiti!"

Kobe alikuwa binti yake wa pekee, na jina hilo alimbandika yeye mwenyewe baba mtu. Mtoto alikuwa mzito wa kujibu. Ukimuuliza jambo aliangalia dari kwanza, akavuta pumzi, ndipo akasema, na alichosema kilikuwa na maana, ila baba yake alikuwa ameshaondoka zamani.

"Na... nakuja, baba."

"Unakuja mwaka huu au mwaka kesho?"

"Mwache mtoto," mkewe akasema kutoka jikoni. "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Wala hakuna aliyecheka. Ugomvi huo walikuwa nao tangu mtoto alipoanza kusema.

Sambamba akaanza kumtafuta mchelewaji. Alizima spika ya jikoni, tak ya nyuma ikabaki. Akazima ya sebuleni, ikabaki. Akazima ya chumbani, na ya mtoto, mpaka ikawa inalia moja tu, ile ya koridoni juu ya kichwa chake, na bado nyuma yake ikaja nyingine. Ilitokea mwisho wa korido, kwenye kona tupu, mahali pasipo na spika, pasipo na waya, pasipo na kitu ila ukuta. Alidhani ni mwangwi. Akaburuta godoro akaliegemeza pale. Tak ile ikaja kwa mbele ya godoro.

Mwenye akili zake angekusanya vifaa akatafuta kazi ya kuuza vitunguu. Lakini huyu, jamani, alikunja uso kama ametukanwa. Hakuvumilia kuona mtu yeyote, awe wa kuonekana au asionekane, anakwenda nyuma ya wengine katika nyumba yake. Akawasha spika zote tano, akazichelewesha zote, kidogo kidogo, zimngojee yule wa kona.

"Haya," alisema kwa sauti, "njoo twende pamoja."

Zikalingana. Tak. Moja tu, nene, iliyojaa nyumba nzima, tamu mpaka nywele za mikono zikamsimama. Sambamba akacheka peke yake, akamwita mkewe aje asikie kazi ya mwanaume.

Mkewe alikuja akifuta mikono, akasikiliza. "Kuna kitu kinaungua," alisema.

Ni kweli palikuwa na harufu, kama ya nywele zilizopitiwa na moto. Sambamba alipapasa kila spika. Zote zilikuwa baridi.

Harufu haikuondoka. Walifungua madirisha, wakapiga deki, wakahamisha makabati, nayo ikakaa pale pale kama mgeni asiyejua kuaga. Halafu mke akaanza kuona sauti yake inamwelemea. Akisema "chumvi", neno lilitoka zito, kana kwamba limebebwa na watu wawili. Akitembea, sakafu ilipokea uzito usio wake. Asubuhi moja akawa anaongea na mdogo wake kwenye simu, na mdogo mtu akamkatiza.

"Dada, uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

"Acha utani. Mbona mnaongea wawili kwa pamoja? Yeye anakuja nyuma yako kidogo tu. Kila unachosema, anasema."

Mke aliiweka simu chini taratibu, kama yai. Mume aliporudi alimvuta mpaka uani na kumnong'oneza.

"Kuna mtu humu ndani. Hatumsikii kwa sababu anasema tunaposema sisi. Umemfanya aende sawa na sisi, baba."

"Mtandao huo," Sambamba alisema, lakini naye alikuwa ananong'ona.

Siku hiyo hiyo alizing'oa spika zote tano akazifungia kwenye boksi. Hazikuwa na kosa, na kuziondoa hakukubadilisha lolote. Aliyekuja alikuwa ameshajifunza mwendo wa nyumba, hakuhitaji tena wa kumwongoza.

Kisha, pasipo taarifa, sauti ya mke ikarudi kuwa nyepesi. Akamshukuru Mungu. Masikini, hakujua kwamba mzigo umehama tu.

Maana Kobe alianza kuwahi. Aliitwa, akawa ameshafika. Aliulizwa, jibu likatoka palepale, kavu, bila kuangalia dari. Baba mtu alifurahi waziwazi. Alimpakata, akamwambia amekuwa msichana mkubwa. Mama mtu alikuwa anamtazama mtoto kama mtu anayetazama nguo yake mwilini mwa mwingine.

"Leo amejibu kabla sijamaliza kuuliza," alisema.

"Si ndicho nilichokuwa nakipigia kelele?"

"Amejibu kabla sijaanza kuuliza! Nilikuwa nafikiria tu. Hivi wewe una moyo au una betri?"

"Hujawahi kuridhika wewe."

Jioni jua likiwa linazama, Kobe alikuwa anapiga mswaki kwenye beseni la uani, na Sambamba akapita nyuma yake. "Umemaliza?" alimuuliza. "Nimemaliza, baba," sauti ikajibu upesi, safi, ya kupendeza, na Sambamba akatabasamu na kupiga hatua mbili kabla ya mguu kugoma wenyewe, maana alikuwa ameona, na sasa akili ilikuwa inamfikia, kwamba mashavu ya mtoto yalikuwa yamevimba kwa maji, kwamba midomo ilikuwa imebana maji hayo barabara, kwamba povu jeupe lilikuwa bado linamchuruzika kidevuni na macho yake, macho ya mtoto wake, yalikuwa yamemtumbulia yeye, yamejaa machozi, yakimwomba kitu ambacho kinywa hakikupata nafasi ya kukisema kwa sababu kilikuwa kimeshasemewa, na ile harufu ya nywele ikapanda kutoka kwenye beseni mpaka ikamkaa kooni.

Hakulala mtu. Kesho yake mke alikwenda kumleta mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mkali aliyeitwa Bi Mkavu, na jina lilimkaa. Hakutaka maji, hakutaka pole za safari. Alinusa koridoni, akaangalia ile kona, akamgeukia Sambamba.

"Nani alimwambia aingie?"

Sambamba akaeleza, kichwa chini.

"Wenzako wakisikia kitu cha gizani wanakimbia. Wewe ukakitengenezea nafasi." Alisonya. "Ulichokilinganisha, kivuruge. Rudisha vyombo vyako. Kila kimoja kiende wakati wake, kusiwe na viwili vinavyokubaliana. Asipate mwendo wa kushika."

Sambamba alizirudisha spika, akaharibu kwa makusudi kila alichokuwa anajivunia. Bi Mkavu alimketisha mtoto kitini, akamfunika shuka kuanzia utosini, akamshikisha simu chini ya shuka ili sauti yake iende kwenye spika.

"Taja siku za juma, mjukuu wangu. Rudia mpaka nikwambie basi."

Kobe akataja, na nyumba ikalipuka kwa sauti. Jumamosi ikatoka sebuleni wakati Jumapili inatoka jikoni na Jumatatu koridoni, siku zikapandana, zikagongana milangoni, na katikati ya vurugu ile kitu kikaanza kuguna, kikijaribu kushika mwendo huu, kikakosa, kikadaka ule, kikakosa, na shuka likawa linavutika na kusukumwa kana kwamba chini yake wanapumua wawili wasiopatana, mpaka Bi Mkavu akapaza sauti: "Zima!"

Sambamba akazima. Kukawa kimya, ila chini ya shuka siku zilikuwa bado zinatajwa. Na sauti zilikuwa mbili.

Zote zilikuwa za Kobe. Moja ilikwenda mbele, bila kukwama: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nyingine ilikuja nyuma, ikikokota, ikivuta pumzi: Juma... nne.

Bi Mkavu aliweka kiganja juu ya shuka, kwenye koo la mtoto. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Wameachana, lakini hawatakaa hivi. Nina nguvu ya kumtoa mmoja, mara moja tu. Mkono wangu hauwezi kuwatofautisha. Aliyemkaribisha ndiye anayemfukuza, kwa kinywa chake. Fundi, nimtoe wa mbele au wa nyuma? Fikiri kwanza."

Mke alishika mkono wa mumewe. "Ngoja," alisema. "Baba Kobe, ngoja, sikiliza vizuri, mwanetu ni yule wa..."

Lakini Sambamba alikuwa na kumbukumbu moja tu kichwani: tak, na nyuma yake tak. Mwenye kosa ni anayechelewa. Maisha yake yote ilikuwa hivyo.

"Wa nyuma!" alipiga kelele. "Mtoe wa nyuma!"

Bi Mkavu akafumba macho na kuvuta.

Kitu kikapita kati yao, chepesi, bila harufu yoyote. Kikaenda koridoni kuelekea ile kona, na kilipofika kikasema, polepole, kwa kukwama, baada ya kuvuta pumzi:

"Ba... baba. Nisubiri."

Halafu ukuta ukabaki ukuta.

Mke alikuwa ameshafika pale, anaupiga kwa viganja vyote viwili, anaita jina halisi la mwanawe, lile ambalo baba mtu hakuwa amelitamka kwa miaka. Sambamba alisimama na simu yake mkononi. Alijua. Alijua kabla ya kugeuka, na hiyo ndiyo mara pekee aliyotamani kuchelewa.

"Mrudishe," alimwambia mganga. "Nakuomba. Nimekosea."

"Nimemtoa uliyemtaja," Bi Mkavu alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. Alikusanya mtandio wake na kutoka bila kudai chochote, na hakugeuka nyuma.

Mke akarudi kutoka kwenye ukuta. Alipiga magoti mbele ya kiti, akalivuta shuka. Uso ulikuwa ule ule: paji lile, kovu dogo la nyusi, midomo imefungwa.

"Usilie, mama," sauti ikasema.

Kisha midomo ikafunguka, bila kutoa sauti, ikaumba maneno hayo, moja baada ya jingine. Na ilipofumbana, ndipo mama akaanza kulia.